Kiharusi Katika Nchi ya Japani

Tangu mwaka 1951 hata 1980, hapakuwa na maradhi yaliyoua watu wengi katika Japani kama kiharusi. Jambo hili lilikuwa fumbo. Kule Marekani wengi walikufa kwa moyo, mishipa yao imezibwa na kolesteroli, nayo ni namna ya mafuta yaendayo pamoja na damu. Wajapani walikuwa nayo kidogo tu. Mbona basi mishipa ya bongo zao ilipasuka?

Msiba huo ulizidi katika Akita, mkoa wa kaskazini wenye theluji nyingi. Kwa kuwa majira ya baridi ni marefu, watu walihifadhi mboga kwa chumvi, wakazila kwa wali mwingi na nyama haba. Chumvi ikapandisha shinikizo la damu.

Mwaka 1989 zilitolewa hesabu za wanaume 350,977 wa Marekani. Wenye kolesteroli chini ya miligramu 160 katika desilita moja walionekana kufa zaidi kwa kuvuja damu ubongoni, lakini ikiwa shinikizo lao lilikuwa juu pia. Kwa moyo na kwa mishipa iliyoziba, mambo yalikuwa kinyume: kolesteroli ilivyozidi ndivyo hatari ilivyozidi. Huenda kuta za mishipa midogo hudhoofika zikikosa mafuta hayo.

Katika Akita kuna mahali paitwapo Ikawa (ni jina, wala si kitenzi chetu). Huko, tangu 1963, waganga waliwapima watu shinikizo, wakawatibu na kuwahimiza wapunguze chumvi. Kiharusi kikapungua mwaka hata mwaka.