Kiharusi, Kamera na Hospitali Ndogo: Mfano wa Bavaria

Babu yangu alipatwa na kiharusi alfajiri, akafikishwa hospitali mchana wa siku ya pili. Kwanza nyumbani tulidhani ni upepo mbaya, kisha tukahangaika kutafuta gari. Aliishi miaka minne zaidi bila kutumia mkono wa kulia. Ninaanza naye kwa sababu niliposoma historia ya tibamtandao nilikuwa na swali moja tu: kama pale hospitalini kungekuwa na skrini, na mtaalamu upande wa pili, je, mkono ule ungepona?

Historia hii inaanza na dawa, si kompyuta. Kabla ya miaka ya 1990 ya kati, daktari hakuwa na dawa iliyoidhinishwa ya kuyeyusha bonge la damu lililoziba mshipa wa ubongo. Kazi yake ilikuwa kuuguza. Desemba 1995 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba dawa ya alteplase husaidia ikitolewa katika muda wa saa tatu tangu dalili zianze, na Juni 1996 ikaruhusiwa kutumika nchini humo. Lakini kiharusi kingine hutokana na mshipa kupasuka, na mgonjwa wa aina hiyo akipewa dawa hiyo anaweza kufa. Kwa macho tu huwezi kuvitofautisha. Lazima kichwa kipigwe picha kwa mashine ya CT, na awepo mtu anayejua kuisoma. Kwa hiyo dawa mpya iliwafaa kwanza wale waliokuwa karibu na hospitali kubwa, na pengo kati ya mji na kijiji likapanuka.

Mwaka 1999 madaktari wawili wa Marekani, Steven Levine na Mark Gorman, walipendekeza kwamba mtaalamu amwone mgonjwa wa kiharusi kwa video akiwa mbali. Mwaka 2003 wazo hilo lilikuwa likifanya kazi katika vijiji vya jimbo la Georgia, na pia Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Nitakaa Bavaria.

Huko hospitali mbili kubwa, moja ya Munich na nyingine ya Regensburg, ziliunganishwa na hospitali ndogo 12 katika mradi wa TEMPiS. Mtaalamu alikuwa zamu usiku na mchana, akimwona mgonjwa kwa kamera na kuzisoma picha zake za CT. Mwaka mmoja kabla ya mradi, hospitali zote 12 zilikuwa zimetoa dawa ile kwa wagonjwa 10. Katika mwaka wa kwanza wa mradi walikuwa 106.

Takwimu hiyo ndiyo inayopendwa kutajwa. Mimi naona nyingine ina uzito zaidi. Hospitali tano za mradi zililinganishwa na tano zisizokuwamo. Baada ya miezi mitatu, waliokufa, waliobaki na ulemavu mkubwa au waliohitaji kutunzwa katika makao maalumu walikuwa asilimia 44 katika hospitali za mradi, na 54 katika zile nyingine. Lakini wagonjwa walio wengi hawakupewa dawa kabisa! Nafuu ilitoka wapi basi? Kila hospitali ya mradi ilikuwa imefungua wodi ya kiharusi, na wauguzi wake walikuwa wamefundishwa, pamoja na mengine, kumpima mgonjwa kama anaweza kumeza kabla hajalishwa. Kamera ilisifiwa sana, kumbe kazi kubwa ilifanyika pia kando ya kitanda.

Kuhusu babu, skrini isingemwokoa mkono. Muda ulikuwa umepita, na hospitali ile haikuwa na CT. Ila siku ya tatu tulimlisha uji akiwa amelala chali, akapaliwa, na wiki iliyofuata akaugua homa ya mapafu iliyomlaza karibu mwezi mzima. Hakuna aliyemjaribu kwanza kwa kijiko cha maji.