Jamaa Waliopotea

Utumwa ulipoharamishwa Marekani mwaka 1865, uhuru uliwakuta wengi hawajui mama zao wako wapi. Kati ya 1790 na 1860, karibu watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu, wengi wao kwa kuuzwa, kutoka majimbo kama Virginia na Maryland hadi mashamba ya pamba na miwa ya Mississippi na Louisiana. Mtoto akaenda huku, mzazi akabaki kule.

Mwaka 1877 Southwestern Christian Advocate, gazeti la Wamethodisti mjini New Orleans, lilianza kuchapa matangazo ya kutafuta jamaa waliopotea. Asiyekuwa mnunuzi wa kudumu alilipa senti 50. Maneno yalikuwa machache: majina ya wazazi na ndugu, mahali walipotenganishwa, na jina la bwana aliyewamiliki. Bwana hakutajwa kwa heshima. Jina lake lilikuwa alama ya njia.

Majimbo mengi ya kusini yalikuwa yamekataza kuwafundisha watumwa kusoma. Kwa hiyo wachungaji waliombwa wayasome matangazo hayo mimbarini, na katika vijiji na miji midogo ya mashambani, ibada ya Jumapili ikawa pia baraza la kuulizana habari.

Waliokutana tena walikuwa wachache. Hata hivyo, tangazo lisilojibiwa nalo lilitenda jambo. Daftari la muuzaji liliandika jina, umri na bei. Tangazo liliandika mama, kaka, dada.