Gabriel Axel na Kware wa Babette
Huko Homa Bay na Migori, nchini Kenya, kware, au aluru kwa Kiluo, ni ndege anayejulikana sana. Vizimba vya kusukwa huning'inizwa juu ya mti mrefu, na kware aliyemo huwaita wenzake mtegoni.

Kware ndiye pia kitoweo kikuu katika Babettes gæstebud (1987), filamu ya mwongozaji wa Denmark, Gabriel Axel, iliyotokana na hadithi ya Karen Blixen, mkulima wa kahawa wa Ngong hadi 1931. Babette, mpishi katika filamu hiyo, humwoka ndani ya kikasha cha kinyunya, kichwa kikichungulia nje. Kamera haina haraka, na hapo ndipo ustadi wa Axel unapong'ara.

Alianza kama mwigizaji. Oscar, ya kwanza kwa Denmark ya filamu ya lugha ya kigeni, aliipokea kwa filamu hiyo 1988 akiwa na miaka 69.