Mwamba, 1977: walibeba adabu, wakafungua mlango

Ndugu, hapa Kisangani tukisema mpira ni futiboli: Malekesa, Stade Lumumba, basi. Rugby inaonekana iko mbali. Lakini kuna kisa cha Nairobi chenye kutuhusu.

Klabu ya Nondescripts ilianzishwa huko mwaka 1923, wakati wa ukoloni, na klabu za namna ile zilikuwa za wazungu. Adabu ya rugby ni kali: kapiteni peke yake ndiye anasemesha refa, wengine wananyamaza. Mechi ikiisha, wenyeji wanakaa na wageni, wanakula pamoja, hata kama wamepigwa vibaya. (Sisi tuliozoea kumzunguka refa watu kumi, tunyamaze kidogo.) Adabu nzuri kabisa, ila Mwafrika aliiangalia kutoka inje.

Mwaka 1977 wachezaji Waafrika wakaunda klabu yao, wakaiita Mwamba, kwa Kiswahili chetu wenyewe. Wangeweza kusema: desturi hizi ni za mzungu, tuzitupe. Hawakuzitupa. Kapiteni aliendelea kusema peke yake, mgeni aliendelea kula. Kilichobadilika ni nani anaruhusiwa kuingia, na nani anaitwa mwenyeji.