Dume la mbung'o, kutoka Shinyanga hadi Unguja

Mbung'o, nzi anayeeneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe, hatagi mayai. Jike hulea buu mmoja tumboni kwa maziwa ya tezi zake na kumzaa kila baada ya siku tisa au kumi hivi. Kwa uzazi wa taratibu namna hiyo, jike akipandwa na dume asiyefaa, kizazi chake hupungua upesi.

Huko Shinyanga, Tanganyika, mtafiti F. L. Vanderplank aliona kwamba aina mbili za mbung'o, Glossina morsitans na Glossina swynnertoni, hupandana bila kubaguana, ila watoto huwa haba na machotara wengi ni tasa. Alitangaza wazo la kutumia uchotara huo kupunguza mbung'o katika jarida la Nature mwaka 1944. Pupa wa morsitans wakaachiwa katika pori la swynnertoni. Nzi wenyeji wakapungua sana, na nzi wageni nao wakashindwa na ukame.

Baadaye mionzi ilishika nafasi ya uchotara. Mbegu za dume aliyepigwa mionzi bado huogelea na kurutubisha yai, lakini kromosomu zake zimekatika, hivyo kiinitete hufa. Mwaka 1954 njia hiyo ilimaliza nzi wa funza wa vidonda kisiwani Curaçao.

Unguja ilifuata. Kwanza ng'ombe walipakwa dawa ya kuua wadudu. Kisha, kati ya 1994 na 1997, madume tasa zaidi ya milioni nane wa Glossina austeni, waliofugwa Tanga, walimwagwa kwa ndege. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996.

Bahari huzuia mbung'o wasirudi Unguja. Misitu ya bonde la Kongo haina kizuizi hicho. Ndiyo maana watafiti wengine walitaka nzi asiyeweza kubeba vimelea vya malale. Kwa wadudu wengi, jeni ngeni hudungwa ndani ya yai lililotagwa. Yai la mbung'o halitoki tumboni, kwa hiyo jeni zilitiwa ndani ya Sodalis, bakteria anayeishi mwilini mwake. Mwaka 2015 ilithibitishwa kwamba dume humwambukiza jike bakteria huyo wakati wa kupandana, na jike humrithisha mtoto.