Kifyatulio cha Bunduki Ndefu za Pennsylvania

Katika nusu ya pili ya karne ya 18, fundi bunduki wa mji wa Lancaster, Pennsylvania, hakulazimika kutengeneza kila kitu kwa mkono wake. Mtambo wa gumegume aliweza kuuagiza ukaja kwa meli kutoka Ulaya, na mtutu kuununua kwa wafuaji wa jirani. Hata kifyatulio kiliuzwa. Ila kazi ya kukipachika haikununulika, kwa kuwa hakuna mitambo miwili iliyolingana kabisa.

Wengi wa mafundi hao walikuwa wahamiaji wa Kijerumani au watoto wao. Jacob Dickert, mmoja wa waliovuma, alizaliwa Mainz mwaka 1740 akavuka bahari akiwa bado mtoto. Walikuja na ujuzi wa bunduki fupi nene za wawindaji wa kwao, wakazirefusha na kupunguza upana wa tundu la mtutu, ili risasi na baruti zisimwishie mwindaji porini.

Ndani ya mtambo wa bunduki hizo mna kipande cha duara chenye makato mawili: kato la nusu, la kubebea silaha ikiwa na baruti, na kato la mwisho, la kupigia. Jino la chuma huingia katika kato, na mkia wake huchomoza kwa ubavu ndani ya mbao. Kifyatulio kazi yake ni kuuinua mkia huo tu. Chenyewe kinaning'inia kwenye pini iliyopenyezwa ubavu kwa ubavu, na mahali pa pini ndipo penye ufundi wote. Ikiwekwa juu, karibu na mkia, kidole hupata wenzo mzuri na mvuto huwa mwepesi. Ikishushwa chini na kusogezwa mbele, mpigaji hukokota mpaka shabaha inamponyoka.

Fundi alikipaka kifyatulio masizi ya mshumaa, akakirudisha mahali pake, kisha akakichomoa. Palipobaki weusi kwenye mbao ndipo pa kuchonga, kidogo kidogo. Alipokwisha, alijaribu makato yote mawili, maana mkia haukai kimo kimoja. Kifyatulio kikiubana kwenye kato la nusu, jino halizami sawasawa, na mwenye bunduki anatembea na kifo chake mwenyewe.

Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu gumegume lina ukawa wake: jiwe hupiga chuma, cheche huangukia baruti ya kwenye kifa, ndipo moto upenye mtutuni. Muda huo wote mkono usitikisike. Tarehe 7 Oktoba 1780, katika vita vya uhuru wa Marekani, huko Kings Mountain, Carolina Kusini, wanamgambo wengi wao wenye bunduki ndefu walilishinda jeshi la Patrick Ferguson, ofisa wa Uingereza, katika muda wa saa moja hivi, na yeye mwenyewe akauawa. Waandishi husifu mifereji ya ndani ya mitutu yao, na ni haki. Mimi naona kifyatulio kimedhulumiwa katika hadithi hiyo. Magobore yaliyoshushwa Unguja karne iliyofuata hayakuhitaji ulaini huo: mtutu usio na mifereji hautupi risasi mbali kwa uhakika, hata kidole kiwe chepesi namna gani.

Wajerumani walikuwa na dawa nyingine tangu karne ya 16: vifyatulio viwili. Cha nyuma huvutwa kwanza, kikalia "ta!" na kukaza springi, cha mbele kikiguswa tu, springi huachia na kuupiga mkia wa jino. Pigo hilo ni la ghafla mno, jino huweza kurudi na kunasa kwenye kato la nusu likavunjika ncha. Ndiyo maana mitambo ya namna hiyo ilitiwa kipande kidogo chenye kuchezacheza, cha kulivusha jino juu ya kato. Ndugu Jacob na Samuel Hawken wa St. Louis walizifungia bunduki zao za wawindaji wa milimani vifyatulio viwili vya aina hiyo.

Baadaye viwanda vilitoa vipuri vinavyobadilishana, na ufundi huo ukabaki kwa wachache. Katika miaka ya 1960 fundi bunduki Wallace Gusler aliufufua huko Williamsburg, Virginia, na filamu ya mwaka 1969 inamwonyesha akiunda bunduki nzima kwa mkono. Leo wapenzi wa kazi hiyo hununua mbao iliyokwisha kuchongwa nusu. Tundu la pini, mara nyingi, wanaachiwa walitoboe wenyewe.