Mchagua Jembe

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo niliwafundisha wanafunzi kwa miaka mingi. Leo, nikiwa mzee mstaafu hapa Mtoni, nakiri kwamba siku moja iliniponza.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliyetaka kuzungumza na ndugu wa mbali alimwomba opereta wa simu. Opereta alichomeka waya kwenye tundu la huyu na tundu la yule, na sauti ikapita. Yeye ndiye aliyekuwa swichi. Huko Marekani, mzishi mmoja aitwaye Almon Strowger alikuwa amepata hataza tangu mwaka 1891 kwa mtambo wa kuunganisha simu bila mkono wa opereta. Kisha, mwaka 1968, kampuni ya RCA ikatoa chipu za jamii ya 4000. Katika jamii hiyo zimo swichi zisizo na kitu kinachosogea. Transista ndizo zinazofungua njia na kuifunga.

Chipu ya 4066 ina swichi nne, kila moja na amri yake. Ya 4051 ina njia nane zinazokutana kwenye mlango mmoja, na waya tatu za amri zatosha kuchagua njia, maana mbili mara mbili mara mbili ni nane.

Katikati ya miaka ya 1980, enzi za uhaba, nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari. Tulikuwa na vipaza sauti vitatu na spika moja. Nikaamua kuunda kisanduku cha kuchagua kipaza sauti. Kariakoo nilipata 4066, nami sikuuliza zaidi. Nikaiwekea betri ya volti 9.

Binti mmoja wa kidato cha tatu alinyoosha mkono. "Mwalimu, sauti hupanda juu ya sifuri na kushuka chini yake. Ikishuka, itapita wapi?"

"Kaa chini, binti," nilimjibu. "Mchagua jembe si mkulima."

Siku ya mahafali mgeni rasmi alianza kuhutubia, na sauti yake ikatoka imekwaruzika kama ya kasuku mwenye mafua. Wazazi walicheka. Mimi sikucheka, kwani nilijua nani alikuwa ameniambia.

Swichi za namna hii hupitisha vyema umeme ulio kati ya ncha mbili za chakula chake. Betri yangu ilianzia sifuri, na sauti iliyokwisha kuzwa ilishuka volti 2 chini ya hapo. Nusu ya neno ikakatwa mlangoni. Dawa ilikuwa kuinua sauti ikae katikati ya volti za betri, au kutumia 4051, ambayo ina mguu wake maalumu wa umeme hasi.

Jumatatu nilimwita binti yule mbele ya darasa, nikamwomba radhi. Kisha nikamkabidhi chuma cha kulehemu, naye akarekebisha kisanduku.

Tangu hapo, ndugu msomaji, kabla ya kununua chipu huuliza: ni kitu gani kitapita mlangoni, kitapanda hadi wapi, na kitashuka hadi wapi? Bei na upatikanaji huja baadaye. Wahenga hawakukosea, ila walimsema mvivu anayekwepa shamba. Yule binti alikuwa shambani tayari.